Intaneti ya dishi hapa Nyalenda, Kisumu: mwaka 1 na miezi 4 nikiitumia

Nimekua nikisema nitaandika hii kitu kutoka mwaka jana, kila wiki nasukuma mbele, leo saiba imetulia wacha nimalize. Niko na saiba ndogo hapa Nyalenda, kompyuta 6, printa 2, mashine moja ya fotokopi na M-Pesa hapo dirishani. Intaneti yangu ni ya dishi, ile inafungwa juu ya mabati ikiangalia mnara wa kampuni. Sio ya satelaiti na sio ya kebo ya faiba. Nimeiona kiangazi, nimeiona masika, nimeiona ile siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za KRA watu wamepanga foleni mpaka nje, kwa hivo hapa siongei mambo ya kusikia.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, dada, niweke ama niwache? Na mimi simpi jibu kabla sijamuuliza nyumba yake iko wapi na mbele yake kuna nini. Hii huduma ni nzuri sana kama njia kati ya bati lako na mnara iko wazi, na kama fundi anayekuja kwako anajua hayo mawimbi yanatembea aje. Hayo mawili yakikosa, hata wakikuuzia spidi ya megabiti 50 utakaa hapo ukiangalia kale kaduara kakizunguka. Mimi nawapa nyota 4 kwa 5, na ile moja nimewanyima iko na sababu, nitaifikia.

Bei kwanza. Kufunga nililipa 6,000, na kila mwezi nalipa 3,000 kwa megabiti 10. Faiba inapita barabara kubwa tu, kwa kichochoro chetu haijaingia, na bando za simu zilikua zinanimaliza, alafu ikifika jioni mtaa wote umerudi nyumbani kila mtu ameshika simu, mnara unalemewa, na mimi nimekaa na mtoto wa watu anangoja fomu ya HELB, ile ya mkopo wa chuo, iingie.

Walikuja vijana wawili Januari mwaka jana, jua ile ya kuchoma kisogo, wakapanda na dishi ukubwa wa karai ndogo, wakaifunga kwa bomba fupi, wakaigeuza kuelekea Riat. Mmoja anaangalia simu, anasema "leta kulia, leta, leta, hapo hapo, kaza." Nusu saa wamemaliza. Kutoka hapa mpaka kilima cha Riat ni kama kilomita 7 hivi, na siku haina ukungu ukisimama juu ya ngazi unaona minara kule juu imesimama ikiangalia mji wote. Siku hio nilipima nikapata megabiti 11 kushuka na 9 kupanda, nikafurahi sana, ju kwa saiba shida huwa ni kupanda. Watu wanakuja kupakia vyeti na picha za kitambulisho.

Februari sawa. Machi sawa mpaka katikati. Alafu pole pole ikaanza kulegea, asubuhi inakua na nguvu kidogo, mchana inachoka, na mvua ikishanyesha ikaisha ndio inakufa kabisa. Hapo ndio palikua panachanganya, yaani sio wakati mvua inanyesha, ni baada. Jua limetoka, majani yanameta, na mimi sina intaneti. Nikapiga simu huduma kwa wateja, wakaniambia zima uwashe. Nikazima nikawasha. Kesho yake, zima uwashe. Wakanitumia kijana akabadilisha rauta, ikakaa vilevile, akaniambia labda ni kompyuta zangu ziko na virusi. Kompyuta zote 6? Na simu yangu pia?

Wiki ya pili ya Aprili ndio akaja mzee mmoja fundi wao, mtu wa miaka kama 50, ana laptopu imefungwa na utepe kwa kona. Huyu rauta hakuigusa hata. Alipanda ngazi, akasimama hapo juu kama dakika 5 bila kusema kitu, alafu akaniita.

"Madam, huo mti ulikua hivo Januari?"

Kuna mvule mkubwa kwa boma la pili, kama mita 100 kutoka kwangu. Mvule huwa unapukutisha majani kiangazi, na Januari wakati wale vijana walikuja ulikua matawi matupu, unaona anga katikati. Sasa Aprili ulikua umejaa kabisa, kijani mpaka huoni Riat upande wa chini. Vijana walifunga dishi ikipiga katikati ya mti mtupu na wakaona signo, yaani nguvu ya mawimbi, iko sawa wakaenda zao.

Akanionyesha kwa laptopu. Siku ya kufungwa signo ilikua hasi 58, sasa inasoma hasi 74. Nikamwambia mimi naona ni tofauti ya 16 tu, si ni kidogo? Akasema hizo ni desibeli, kila 3 zikishuka nguvu inakatwa nusu, kwa hivo 16 ni kama nguvu imepungua mara 40. Mara 40! Na hapo majani yalikua hayajalowa. Akaniambia kama ningeweza kumwagia mti wote maji angenionyesha hasi 80. Maji ndio adui, majani yakilowa yanakula mawimbi, ndio maana mvua ikiisha na mti bado unadondoka matone ndio mimi nazimika.

Hapo ndio nilianza kuelewa hii kitu nalipia ni nini. Dishi yangu inatumia maikrowevu, mawimbi ya redio yale mafupi, jamii moja na yale ya kupasha chakula, ya waifai, ya simu, ya GPS kwa matatu za SACCO, ya rada. Yote iko kwa familia hio, kuanzia kama megahezi 300 mpaka gigahezi 300. Yangu ni gigahezi 5.8, yaani linapiga mara bilioni 5.8 kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 5, upana wa vidole vitatu hivi. Kwa sababu ni fupi hivo unaweza kulikusanya kwa dishi ndogo ukalielekeza mahali pamoja kama tochi, na kwa sababu hiyohiyo haliwezi kupinda likazunguka mti ama ghorofa vile redio ya mawimbi marefu hufanya.

Na tena usidhani linaenda kama uzi uliokazwa. Mzee alichukua kalamu akanichorea nyuma ya risiti: linaanza jembamba kwangu, linanenepa katikati, linakua jembamba tena likifika kwa mnara, kama muhogo. Kwa hizi kilomita zetu 7 huko katikati juu ya mji linanenepa mpaka mita 9 na nusu kila upande wa mstari wa katikati. Hapo kwa mvule ni kama mita 2 na kitu. Kwa hivo hata kama macho yako yanaona mnara kupitia kale kanafasi kati ya matawi mawili, dishi bado inaumia, ju macho yanahitaji katundu na wimbi linahitaji mlango. Wale vijana walitumia macho.

Akaleta bomba la mita 3, akalishika na waya tatu za kukaza ili upepo wa ziwa usiisukume, akapandisha dishi. Hasi 56. Bora kuliko Januari. Hakuna mti ulikatwa, na nashukuru ju huo mvule ni wa zamani na mwenyewe hangekubali, na mimi pia singependa.

Sasa mambo ya mvua yenyewe, ju hii ndio swali naulizwa sana. Watu hapa Kisumu tumezoea dishi ya TV, wingu likikuja kutoka upande wa ziwa tu hata tone halijaanguka, skrini inaandika hakuna signo, kwa hivo tunaamini dishi zote ziko hivo. Haziko hivo. Ile ya TV inashika mawimbi ya kama gigahezi 12, sentimita 2 na nusu, na wimbi likishakua dogo kiasi hicho tone la mvua linaanza kulisumbua kwa nguvu, tena hio signo imetoka kwa satelaiti kilomita 36,000 huko juu imefika ikiwa imechoka sana. Yangu ya 5.8 kwa kilomita 7 mvua inaikwaruza tu. Nimewahi kukaa hapa ngurumo zinapiga, TV ya jirani imekufa, na mimi natuma fomu moja baada ya nyingine.

Lakini imezima na mvua mara kama 5 au 6 hivi kwa huu muda wote, tena ghafla, dakika 15 au 20, alafu inarudi yenyewe. Nilimuuliza mzee, akanieleza kwamba huko Riat kampuni nayo inapata intaneti yake kutoka mjini kwa kiungo kingine cha maikrowevu, zile ngoma nyeupe duara unaona zimebandikwa kwa minara, na hicho kiko gigahezi 18, wimbi la sentimita 1 na nusu kwenda mbili. Hicho ndio mvua kubwa ikikutana nacho inakizima. Basi siku hizi najua kutofautisha: ikizima nampigia rafiki yangu wa Manyatta ambaye tuko naye kampuni moja, na yeye kama amezimika nangoja mvua iishe, kama yeye yuko sawa basi shida iko kwangu.

Na zile ngoma nyeupe mnaziona kila mahali, ukienda Bondo, ukienda Nyakach, ukipanda matatu ya Kakamega. Simu yako inaongea na mnara ulio karibu, lakini mnara wenyewe mara nyingi unaongea na mnara mwingine kwa hizo ngoma, kilima kwa kilima, mpaka pahali kebo iko. Nilikua nazipita miaka yote nikidhani ni taa za ndege. Hata zile dishi kubwa za Longonot pale Nakuru Kaunti, kituo kilifunguliwa 1970, simu za kwenda ng'ambo zilikua zinaruka kwa satelaiti kwa maikrowevu hizihizi. Baba yangu alifanya kazi Naivasha ujana wake na alikua akitupa hadithi za hizo dishi, angekua hai ningemweleza sasa zinafanya nini.

Nyota nimewanyima ni hii. Mei mwaka jana radi ilipiga usiku, mnajua radi za huku ziwani, na asubuhi kale kadude kanakopeleka stima kwa dishi kupitia kebo ileile ya intaneti kalikua kamenuka kuungua. Ni kitu cha bei ndogo. Nilikaa siku 3 bila intaneti. Siku 3, na ilikua wakati wanafunzi wanabadilisha kozi za chuo, watu wanaingia wanaangalia wanatoka. Nambari ya huduma kwa wateja inalia mpaka inakatika. Nikituma ujumbe najibiwa "tumepokea malalamishi yako." Siku ya pili nilitembea mpaka ofisini kwao mjini, dada wa mapokezi akaniandikia kwa kitabu. Siku ya nne asubuhi ndio fundi akaja na kifaa kwa mfuko wa suruali, dakika 10 akamaliza. Hio iliniuma sana ju kifaa kilikua kwa ofisi yao siku zote hizo. Hawakunirudishia hata shilingi ya hizo siku. Kampuni ambayo iko na mzee kama yule na bado mteja anakaa siku 3 akingoja kitu cha kubebwa mfukoni, hapo wamekosea, na nimewaambia kwa mdomo wangu.

Cha maana kilichotoka hapo ni kwamba walivyorudi waliniwekea waya wa ardhi, shaba imepigwa chini karibu na ukuta, na kifaa cha kuzuia radi kwa kebo. Hiyo ilifaa ifungwe siku ya kwanza. Kama unawekewa leo na hawajataja waya wa ardhi, usilipe mpaka waweke. Sisi sio Nairobi, huku radi ni ya kila wiki msimu ukifika.

Sasa tuje Agosti mwaka jana. Intaneti iko sawa, dishi iko juu, lakini kila siku kuanzia saa sita na nusu hivi mpaka saa nane mchana kompyuta zinashikwa na kwikwi. Inaenda, inasimama, inaenda, inasimama. Zile 2 ziko kwa kebo haziumi, ni zile 4 za waifai. Nilianza kufikiri ni wateja wa chakula cha mchana wanaingilia waifai yangu, nikabadilisha neno la siri mara 2. Alafu siku moja nimekaa kimya hivi nikasikia kupitia ukuta ule mlio, ting, na hapo hapo ukurasa ukafunguka. Dakika mbili, vuuu inaanza tena, ukurasa unaganda. Ting, unafunguka.

Jirani yangu ni mama wa hoteli, anauza chapati, ndengu, samaki wa kukaanga, na Julai alikua amenunua maikrowevu ya kupasha vyakula ili asiwashe jiko kila saa mtu akitaka chapati moto. Ameiweka kwa kimeza, imegusa ukuta wetu. Ukuta ni wa mbao, na rauta yangu imepigiliwa misumari upande wa pili. Kati ya vitu viwili hakuna hata nusu mita.

Nikamwita mzee, na huyu nampa sifa zake, alikuja siku hiyohiyo na haikua hata kosa la kampuni yao. Akaenda kwa mama, akasalimia, akaagiza chapati 2 na chai kwanza. Alafu akaomba ruhusa. Mama akashtuka.

"Kwani hii kitu yangu ndio inaharibia mtoto wa watu kazi? Si mngeniambia mapema mwanangu."

"Hapana mama, haijaharibu kitu, zinagombana tu. Wacha nikuonyeshe."

Akatoa ile sahani ya kioo na ile pete yake ya magurudumu, akafunika bakuli la plastiki juu ya kale kakijiti kanakozungusha, akaweka chapati moja juu yake imepakwa siagi mpaka ukingo, kwa hivo chapati imekaa tuli haizunguki. Akabonyeza sekunde 20. Alipoitoa sote tukainama. Siagi haikua imeyeyuka kote. Kulikua na madoa yameyeyuka yanang'aa, na katikati yake siagi bado imesimama nyeupe vile ilipakwa. Akaniambia leta rula, nikaleta ile ya saiba, tukapima doa mpaka doa. Sentimita 6. Akasema hio ni nusu ya wimbi, wimbi zima ni 12. Akageuza mashine nyuma, kuna karatasi imebandikwa imeandikwa 2450 MHz, yaani linapiga mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Zidisha sentimita 12 na hizo bilioni, nikafanya kwa simu, ikatoka mita milioni 294 kwa sekunde, yaani kilomita 294,000. Na mwendo wa mwanga wenyewe ni kilomita 299,792 kwa sekunde. Kwa chapati na rula ya shilingi 20! Mimi nilifanya fizikia mpaka kidato cha pili nikaiacha, na ningeonyeshwa kitu kama hiki singeiacha. Mama alicheka akasema hio chapati ataiuza bei ya juu, alafu akaila mwenyewe.

Ndio maana sahani inazunguka, ili madoa ya moto yapite kila mahali, na ndio maana ukipasha ugali mnene unakuta kona inachoma na katikati ni baridi. Watu husema inapika kuanzia ndani, sio kweli, mawimbi yanaingia sentimita chache tu kutoka nje yanatikisa maji yaliyo kwa chakula, kwingine joto linasafiri lenyewe pole pole.

Na ugomvi wenyewe ni huu: waifai ya kawaida inatumia gigahezi 2.4, hapo hapo mlangoni kwa hio 2.45. Mashine ya mama inatoa wati 700 ndani ya sanduku, rauta yangu inatoa kama sehemu moja ya kumi ya wati. Ule wavu wa chuma kwa kioo cha mlango uko na vitundu vya milimita moja hivi, na wimbi ni sentimita 12, haliwezi kupenya hapo, lakini ukingoni mwa mlango kunavuja kidogo sana, kidogo ambacho mtu hakimdhuru lakini kwa rauta ni kama mtu amesimama kando ya sikio lako anapiga filimbi ukijaribu kuongea. Tena filimbi yenyewe inafuata stima yetu, inawaka na kuzima mara 50 kwa sekunde, ndio maana nilikua napata kwikwi badala ya kuzima moja kwa moja. Mzee alisema huo ukuta ungekua wa mabati tusingejua kitu, bati lingezuia.

Dawa haikua ngumu. Rauta ilihamishwa ukuta wa pili, kompyuta 2 zikaongezewa kebo, zilizobaki zikawekwa kwa waifai ya gigahezi 5 ambayo mashine ya mama haiifikii. Simu zangu za zamani bado ziko kwa 2.4 na zinavumilia. Mama naye akaambiwa mlango wake umeanza kulegea kwa bawaba, aupeleke kwa fundi anayejua, na asikubali mtu yeyote aifungue nyuma ovyo hata kama imechomolewa kwa soketi, ju ndani kuna kifaa kinaweka stima ya zaidi ya volti 2,000 na inaweza kuua mtu aliyedhani imezimwa. Hio mimi sikua najua, na najua vijana wengi huku wanafungua hizo mashine na bisibisi.

Mama aliuliza pia kama hio kitu inaleta saratani, na wengi mnaniuliza hivo kuhusu dishi. Madhara ya maikrowevu yanayojulikana vizuri ni joto. Haina nguvu ya kuvunja chembe za mwili vile eksirei inaweza. Wati 700 zikikushika zitakuchoma, ndio maana mlango ukifunguka mashine inazima, lakini dishi yangu haitoi hata wati moja na imeelekezwa Riat. Hizi mashine za jikoni zenyewe zilitoka kwa rada za vita. Percy Spencer, mtu wa Raytheon kule Marekani, 1945 alisimama karibu na rada inayofanya kazi akakuta peremende imeyeyuka mfukoni, na ya kwanza kuuzwa ilikua ndefu kama mtu mzima, kilo zaidi ya 300. Mama alisema hio ingeingia hoteli yake yeye angetoka.

Kulinganisha kidogo tu. Intaneti ya zile satelaiti za chini, kama Starlink iliyokuja Kenya 2023, ni nzuri kwa mtu wa shamba hana mnara wa kuona, lakini kununua vifaa vyake mara moja kwangu ilikua nyingi. Faiba ikifika kwa mlango wako chukua faiba, haijali mti wala mvua. Kwa sisi wa vichochoroni, dishi.

Jioni saa mbili hivi spidi yangu inashuka mpaka 6 au 5, tunagawana mnara, na wao wamekubali wakiulizwa. Mimi nafunga saa moja na nusu kwa hivo hainiumizi, lakini kama unataka ya nyumbani ya kuangalia mpira usiku, waulize wateja wao wa mtaa wako kwanza, na uulize saa mbili usiku.

Kabla hujalipa, panda juu mwenyewe ama umpandishe mtu, angalia Riat. Angalia miti na uulize itakuaje Aprili. Angalia kama kuna mtu anajenga.

Ju mimi sasa niko hapo. Ng'ambo ya barabara kuna mtu anainua ghorofa, Februari ilikua msingi, sai wako kwa slabu ya tatu na vyuma vya nguzo vimeshachomoza juu kwenda ya nne. Signo yangu ilikua hasi 56, Jumapili nimeangalia ni hasi 61. Mzee amekuja jana, amesimama kwa ngazi vile husimama, amehesabu sakafu na kidole. Ameniambia ya nne ikimwagwa zege itaniziba, na bomba refu zaidi ya hili upepo utaliangusha, kwa hivo ataongea na mwenye jengo kama tunaweza kufunga dishi yangu juu ya paa lake na kuleta kebo ng'ambo kwangu. Mwenye jengo yuko Nakuru, anarudi Jumanne. Nitarudi niseme ilikuaje.